Uhandisi kwa Anayependa Kazi za Nje: Tafuta Kinachohitaji Kutunzwa

Kijana anayemaliza kidato cha sita kwa tahasusi ya PCM (Fizikia, Kemia na Hisabati), au anayetoka kidato cha nne kwenda kusomea stashahada ya ufundi, mara nyingi huchagua fani ya uhandisi kwa kutazama jina lake. Akisema hapendi kufungiwa ofisini, huambiwa asome ujenzi au madini, kana kwamba jina la shahada peke yake litamtoa nje. Ushauri huo haumfikishi mbali. Wahandisi ujenzi wengi hushinda mbele ya kompyuta wakikokotoa mihimili na kusanifu nguzo, ilhali wako wahandisi wa umeme wanaofuata njia za nyaya za msongo mkubwa kwa miguu, pori baada ya pori. Ukitaka kujua siku yako ya kazi itapita wapi, uliza mambo mawili: mradi uko katika hatua gani ya maisha yake, na wewe umeajiriwa na nani ndani ya mradi huo. Kutokana na maswali hayo nina hoja moja ya kuitetea hapa. Anayetaka kazi ya nje itakayodumu umri wake wote wa kazi asiitegemee miradi mikubwa inayojengwa leo. Aelekee kwenye vitu vilivyokwisha kujengwa, ambavyo mvua, mito na matumizi ya watu huvila kila mwaka.

Tuanze na hatua zenyewe. Mradi huanza na upembuzi yakinifu: timu huenda porini kupima ardhi, kuchimba mashimo ya kuchukua sampuli za udongo, kuhesabu magari yanayopita au kupima maji ya mto. Kazi hiyo ni ya nje kabisa, lakini ni ya wiki chache, kisha takwimu hurudishwa mjini. Hufuata usanifu, nao karibu wote ni wa mezani. Anayekwenda kuajiriwa na kampuni ya ushauri inayosanifu, akidhani ataishi saiti, atakata tamaa mapema. Ujenzi ndio hatua inayopigwa picha na kuvutia vijana: greda, ekskaveta, zege, nondo, kambi, na mhandisi mwenye kofia ngumu anayezunguka tangu alfajiri. Huko utakuwa nje kweli, hasa ukiwa kwa mkandarasi. Ila ujenzi una tarehe ya mwisho. Hatua ya nne, ya uendeshaji na matengenezo, haina tarehe hiyo. Hudumu miaka 30, 50, hata 100, na ndiyo inayotajwa mara chache kuliko zote vijana wanaposhauriwa juu ya uhandisi.

Tazama mifano miwili iliyo mbele ya macho ya kila Mtanzania. Mkataba wa kujenga Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji ulisainiwa Desemba 2018, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwanzoni mwa 2024. Ni mradi wa megawati 2,115, wenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, na katika miaka ya ujenzi bonde lile lilikusanya maelfu ya wafanyakazi. Ujenzi ulipomalizika, maelfu hao walitawanyika kutafuta saiti nyingine, na sehemu kubwa ya kazi iliyobaki ikahamia ndani, kwenye mitambo na vyumba vya kuiongozea. Linganisha na Reli ya Kati ya zamani. Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma 1914. Kati ya Kilosa na Gulwe inapita kandokando ya mto Mkondoa, na mto huo haujaacha kulila tuta lake. Mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 yalisomba vipande vya reli na kusimamisha treni kwa miezi. Zaidi ya karne moja tangu ijengwe, bado kuna haja ya mhandisi wa kwenda pale kila msimu kutazama mto umehamia wapi, kingo zipi zinahitaji mawe, na daraja lipi limeanza kufukuliwa miguuni. Aliyeijenga reli hiyo alikuwa na kazi ya miaka 9. Wanaoitunza wameipokezana vizazi na vizazi.

Barabara ndizo zenye nafasi nyingi zaidi za aina hii. TANROADS, iliyoanzishwa mwaka 2000, inahudumia barabara kuu na za mikoa zenye urefu wa zaidi ya kilomita 36,000. TARURA, iliyoanzishwa 2017, imebeba barabara za wilaya, mijini na vijijini, ambazo mtandao wake unazidi kilomita 140,000, nyingi zikiwa za udongo na changarawe. Adui wa kwanza wa barabara hizo ni maji. Kalvati likiziba kwa takataka na matawi, maji hupanda juu ya tuta, hulilowesha, na lori la kwanza lenye mzigo humalizia uharibifu. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga na Simiyu, ardhi huvimba ikilowa na kupasuka ikikauka, hivyo barabara husukumwa juu na chini kila mwaka hata kama hakuna gari lililopita. Mambo haya hayaonekani kwenye ramani. Huonekana kwa mtu aliyeshuka garini, akainama kwenye mdomo wa kalvati, akachoma udongo kwa kipimo, akaandika. Na hufika wakati ambapo hakuna kusubiri asubuhi: Mei 2024, mvua zilizoambatana na Kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya kusini maeneo ya Somanga, mikoa ya Lindi na Mtwara ilitenganishwa na Dar es Salaam kwa barabara hiyo, na wahandisi walilazimika kufanya kazi palepale, kwenye tope, mpaka magari yapite.

Hata hivyo, kama ningeulizwa ni eneo gani lina utajiri mkubwa zaidi kwa mtu anayependa nje na anayependa pia kufikiri, ningejibu maji. Fikiria uchimbaji wa kisima kimoja cha kijiji. Kwanza hupimwa ukinzani wa miamba ili kukisia maji yako kina gani. Kisha mtambo huchimba, na vipande vya mwamba vinavyotoka husomwa mita kwa mita. Baada ya hapo maji ya kisima huvutwa kwa pampu mfululizo, mara nyingi kwa saa 24, huku kina cha maji kikisomwa usiku na mchana, kwa kuwa bila kipimo hicho hakuna anayejua kisima kitatoa lita ngapi bila kukauka. Mwisho maji hupelekwa maabara. Katika maeneo yanayozunguka Mlima Meru, na sehemu za Singida na Shinyanga, maji safi kwa macho yanaweza kuwa na floraidi nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linashauri kisivukwe. Watoto wanaoyanywa huota meno yenye madoa ya kahawia, na kwa wanaoyanywa miaka mingi madhara hufika kwenye mifupa. Mhandisi wa maji huko hawezi kukisia akiwa mezani, maana visima viwili vya kijiji kimoja vinaweza kutofautiana sana. Ni lazima aende, achukue sampuli, arudi tena.

Kuna pia bodi za mabonde ya maji, ambazo vijana wachache huzifahamu. Tanzania Bara imegawanywa katika mabonde 9, miongoni mwake Pangani, Rufiji, Wami na Ruvu, na Ziwa Rukwa. Kila bodi ina vituo vya kupimia mito. Kazi yenyewe ni kusoma kina cha maji, kupima kasi yake kwa kifaa kinachozamishwa mtoni, na kuunganisha vipimo hivyo viwili ili kila kina kijulikane kinabeba maji kiasi gani. Vipimo vya thamani kubwa kuliko vyote ni vile vinavyochukuliwa mto ukiwa umefurika, wakati watu wengine wote wanakimbilia ndani, kwa sababu madaraja na mabwawa ya miaka ijayo yatasanifiwa kwa takwimu hizo. Atakayefanya kazi hii vizuri ni yule anayeipenda masika kama anavyoipenda kiangazi. Kama unapenda nje ya jua zuri peke yake, ni heri ulijue jambo hilo sasa.

Maeneo mengine nitayapitia kwa haraka. Umwagiliaji ni wa nje kwa asili yake, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pale Morogoro kinafundisha uhandisi wa kilimo na wa umwagiliaji. Skimu kama za Mbarali na Moshi Chini zina mifereji na milango ya maji inayohitaji mtu wa kuikagua kila msimu. Kwa upande wa umeme, shamba la upepo la Ziwa Turkana nchini Kenya lina mitambo 365 iliyotapakaa nyikani Marsabit, na kila mmoja unahitaji fundi wa kuupanda. Huko Olkaria, karibu na Naivasha, visima vya jotoardhi huchimbwa kwa zamu za usiku na mchana, vingine hadi kina cha kama mita 3,000, na mabomba ya mvuke yanayokatiza vilima huhitaji kukaguliwa siku zote. Madini yana tahadhari yake. Utafutaji wa madini ni kazi ya nje kamili, lakini migodi mingine huchimbwa chini ya ardhi, kama Bulyanhulu, na anayependa anga na upepo asidhani kwamba kufanya kazi chini ya mwamba ni kitu kilekile.

Pingamizi lenye nguvu kuliko yote dhidi ya hoja yangu ni la fedha za matengenezo. Watasema, na wana haki ya kusema, kwamba ofisi nyingi za matengenezo hazina mafuta ya gari, kwa hiyo mhandisi aliyejiunga ili awe nje hujikuta amekaa ofisini akisubiri bajeti. Hali hiyo ipo. Lakini haiko sawa kila mahali, na tofauti yake inatabirika: uliza taasisi inapata wapi fedha za kazi ya kila siku. Matengenezo ya barabara yana Mfuko wa Barabara, unaolishwa na tozo katika kila lita ya mafuta inayouzwa. Mamlaka za maji za mijini hukusanya bili kutoka kwa wateja wao. Bodi za mabonde hutoza ada kwa wanaotumia maji ya mito na visima. Chanzo cha namna hii hakihakikishi kwamba fedha zitatosha, lakini kinahakikisha kwamba kazi haifi mfadhili anapoondoka. Mradi wa maji wa kijiji unaotegemea michango ya wanakijiji uko hatarini zaidi, na RUWASA, wakala wa maji vijijini iliyoanzishwa 2019, inasimamia mingi ya aina hiyo. Naiheshimu sana kazi yao, ila anayekwenda huko ajiandae kupigania vitendea kazi.

Pingamizi la pili ni la mshahara. Mkandarasi mkubwa anaweza kukulipa zaidi kwa mwezi kuliko wakala wa serikali, pamoja na chakula na malazi ya kambini. Usihesabu kwa mwezi, hesabu kwa miaka 10. Weka ndani ya hesabu hiyo miezi ya kukaa bila kazi kati ya mradi na mradi, michango ya hifadhi ya jamii isiyowasilishwa na baadhi ya waajiri, na gharama ya familia kukaa mkoa mmoja wewe ukiwa mwingine. Wengine watahesabu na bado wataona ujenzi unawafaa, hasa wale wasio na watoto na wanaopenda kuhamahama. Siwapingi. Ninachopinga ni kijana kuchagua bila kuhesabu, kisha akifika miaka 35, familia ikimhitaji, akalazimika kuomba kazi ya mezani kwa kuwa hakuijua njia ya tatu, ya matengenezo.

Wako wanaosema droni, satelaiti na vipimo vinavyotuma taarifa kwa simu vitamaliza kazi za nje. Ushahidi unaelekea upande mwingine. Droni inaweza kukagua kilomita nyingi za bomba kwa asubuhi moja na kuonyesha palipo na unyevunyevu usio wa kawaida, lakini haichimbi, haibadilishi valvu, wala haizungumzi na mkulima aliyetoboa bomba ili anyweshe ng'ombe wake. Vifaa hivi vinapunguza safari za kutafuta tatizo na kuongeza safari za kulitatua. Kwa hiyo jifunze kuvitumia. Mtu wa nje anayejua kurusha droni na kusoma takwimu zake atapendelewa kuliko anayejua kimoja tu.

Sasa njia ya kufika. Sishauri mtu aanze moja kwa moja na matengenezo. Asiyejua kitu kilivyojengwa hawezi kukitunza: hajui nondo zimelazwa wapi, wala kwa nini tuta lilishindiliwa kwa tabaka. Miaka 3 hadi 5 ya mwanzo ipeleke kwa mkandarasi au kwa mshauri anayesimamia ujenzi. Miaka hiyo inaendana vizuri na masharti ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa Sheria Na. 15 ya 1997. Bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo wa miaka 3, unaojulikana kama SEAP, ulioanza 2003, ambao humwezesha mhandisi mhitimu kufikia sifa za kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Usajili huo ni muhimu hata kwa anayetaka kuvuka mpaka, kwani Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini mwaka 2012 makubaliano ya kutambuana wahandisi. Halafu usiidharau stashahada. Fundi sanifu aliyetoka Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam (DIT), Chuo cha Ufundi Arusha au Chuo cha Maji hukaa nje kuliko mhandisi anayemsimamia, na shahada anaweza kuiongeza baadaye akiihitaji. Kwa mtu anayeipenda kazi yenyewe kuliko cheo chake, hiyo ni njia ya heshima kamili.

Cheo ndicho kitakachokuvuta ndani. Ukipandishwa kuwa meneja, siku zako zitajaa vikao, zabuni na barua. Lijue mapema jambo hili, ujue pia kwamba kuna vyeo vya juu vinavyobaki nje: mhandisi mkazi, anayemwakilisha mshauri na kuishi palepale saiti, ni mtu mwenye uzoefu mkubwa na mamlaka makubwa. Wataalamu wa miamba na udongo nao huitwa nje mpaka wanapostaafu. Kwa wasichana wanaoambiwa kwamba saiti si mahali pao, jibu ni kwamba kazi hii haihitaji misuli ya mhandisi, inahitaji macho na uamuzi wake. Kinachowazuia mara nyingi ni kambi isiyo na choo cha kwao wala malazi salama, na hilo ni deni la mwajiri. Uliza habari za malazi kabla ya kusaini, na usione haya kuuliza.

Mambo mawili huamua kama utadumu. La kwanza ni kuandika. Mikataba ya ujenzi humpa mkandarasi muda wa ziada kwa mvua isiyo ya kawaida, na anayeshinda madai hayo ni mwenye shajara ya saiti iliyoandikwa kila siku: mvua ilianza saa ngapi, mitambo ipi ilisimama, nani alikuwepo. Asiyependa kuandika nusu saa kila jioni hataaminiwa kupewa kazi ya nje kwa muda mrefu. La pili ni kulinda mwili wako. Mita moja ya ujazo ya udongo ina uzito wa karibu tani moja na nusu au zaidi, na mtaro usioegemezwa huporomoka bila kutoa onyo. Usishuke humo kwa sababu fomeni ana haraka. Usisafiri usiku kwenye gari la kazi lenye dereva aliyechoka. Kofia, buti, mikono mirefu na maji ya kunywa ni sehemu ya vifaa vya kazi sawa na kipimo cha ardhi.

Unapoitwa kwenye usaili, nawe uliza. Mwenye nafasi hii hukaa nje siku ngapi kwa wiki? Gari lipo, na mafuta yake hutoka fungu gani? Wakati wa masika kazi hufanyikaje? Aliyekuwa na nafasi hii kabla yangu amekwenda wapi? Majibu ya maswali hayo yatakueleza zaidi kuliko tangazo la kazi. Na kabla hujafika huko, fanya jaribio lisilo na gharama. Aliyemaliza kidato cha nne mwezi Novemba ana miezi kadhaa ya kusubiri, na masika huanguka ndani yake. Andika barua, ipeleke mwenyewe kwa meneja wa TARURA au wa RUWASA katika wilaya yako, uombe kuongozana na fundi sanifu anapokwenda kukagua makalvati au visima mvua ikinyesha. Omba siku kadhaa, si moja, kisha ndipo ujaze fomu ya chuo.